Sauti Inayozunguka, na Nyinyi Mnaobonyeza Tu

Nimestaafu. Msicheke. Sijafika miaka thelathini, na najua kwamba kwetu Butembo, huku Kongo, mtu hustaafu siku anapozikwa. Lakini kazi ya kuwatengenezea watu sauti za gitaa kwa pedali, vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu, nimeiacha, na aliyeacha kazi ana ruhusa ya kuwasema waliobaki nayo.

Kila mara kijana fulani ananipigia simu, kutoka Beni, kutoka Mutwanga, juzi kutoka Luofu. Ananiita Ya, kaka, na swali ni lile lile. "Ya Mbusa, ile sauti yenye inazunguka, bouton unaiweka ku ngapi?" Kitufe kwenye namba ngapi! Kana kwamba sauti ni jiko la umeme. Nikianza kueleza, nasikia miayo upande wa pili. Basi nimeandika, ili mpige miayo huko huko kwenu na mimi nisisikie.

Kwanza mjue tunazungumzia nini, maana wengi wenu mnaitafuta sauti ambayo hamjawahi kuisikia. Zamani kinanda cha umeme cha kanisani kilikuja na sanduku kubwa la mbao, refu hadi kifuani kwa mtu mzima, lenye nafasi nyembamba ubavuni ili sauti itoke. Ndani, juu, kulikuwa na kitu kama tarumbeta kinachozungushwa na injini ndogo. Chini kulikuwa na pipa, nalo likizunguka, likirusha sauti nzito. Sauti inakujia, inakupita, inakwenda, inarudi. Simama kando ya barabara pikipiki ikupite kwa kasi: ikija mlio ni mkali, ikishapita unashuka na kufifia. Ni hivyo hivyo, ila pikipiki yenyewe imefungiwa ndani ya sanduku na wewe umekaa kwenye benchi unaimba.

Sikieni vizuri. Sauti ikizunguka, mambo matatu hutokea kwa pamoja: nguvu yake inapanda na kushuka, noti yenyewe inapinda kidogo juu na chini, na rangi yake inang'aa kisha inafifia. Nyinyi mnanunua pedali inayofanya jambo moja, mnaifungua mpaka mwisho, mnaniambia, "Ya Mbusa, inazunguka." Haizunguki. Inatetemeka. Hata mtu mwenye malaria hutetemeka, na hatumpeleki kwaya.

Mwalimu wangu wa kwanza katika kosa hilo alikuwa Maître Kakule, fundi wa redio na ampli za kukuzia sauti kule Bulengera. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na licence, shahada ya chuo, ya elektroniki, na kazi hakuna. Yeye alikuwa na kibanda, chuma cha kuchomelea, na uhakika. Uhakika alikuwa nao mwingi kuliko waya. Aliniita Bwana Licencié mbele ya wateja, na kila nilipotaka kupima kitu kabla ya kukifungua, alipaza sauti: "Eh, Licencié anapima tena! Mugonjwa atakufa docteur akiwa bado anasoma."

Simnyimi haki yake. Alinifundisha kwamba kabla ya kufungua ampli iliyoletwa imekufa, utikise waya kwanza, kwa sababu mara nyingi maiti ni waya tu. Hilo ni la kweli, na nyinyi hamlifanyi. Lakini kuhusu sauti inayozunguka alikuwa mjinga mwenye heshima. Dawa yake ilikuwa pedali moja ya tremolo, ile inayopandisha na kushusha nguvu ya sauti, imefunguliwa yote. "Inapanda, inashuka," alisema. "Nini ingine munataka?" Mpiga gitaa mmoja wa hoteli ya Beni alinunua dawa hiyo akapiga nayo arusi nzima. Shangazi wa bibi arusi akamwita mwenye hoteli kumwambia umeme unataka kukatika, na watu wakaanza kuwasha taa za simu kabla ya giza. Mpiga gitaa yule akadhani wamependa wimbo.

Ningekuwa bado nabishana na Kakule mpaka leo, kama si Katungu.

Katungu ni mwalimu wa shule ya msingi, jirani yetu, na mpiga gitaa wa kwaya ya parokia yetu. Gitaa la umeme aliachiwa na mjomba wake. Mnajua jinsi mwanamke wa umri wake anavyosalimiwa katika mji huu: habari za nyumbani, kisha ataolewa lini. Ndani ya kwaya, akiwa na gitaa mapajani, watu walimuuliza ataanza na noti gani. Hapo palikuwa mahali pake pekee pa kupumulia, na hapo ndipo padri mpya alipoweka mguu.

Padri huyo alitumwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Si mtu mbaya, ni mtu aliyewahi kuishi karibu na baa nyingi. Alilikuta gitaa limekaa karibu na altare na hakulipenda. Siku moja baada ya mazoezi alitukusanya akasema: "Mimi hapana adui ya gitaa. Mais gitaa ya bar ibakie ku bar. Munaniambia hapa kulikuwa kinanda, na batu bazima bangali banaililia. Donc, siku ya sikukuu ya parokia, gitaa iimbe sawa ile kinanda. Bamama ba benchi ya mbele bakiitambua, Mademoiselle anabakia. Bakikosa kuitambua, gitaa inatoka, tutaimba na ngoma."

Katungu alinifuata nje, akaniambia kwa sauti ndogo: "Ya Mbusa, bakinitoa mu ile kwaya, nitabakia bule, bila kitu. Tafuta ile sauti."

Kinanda chenyewe kilikuwa kimekwisha kuoza kwa unyevu. Hakuna aliyekirekodi. Sanduku lake la kuzungusha lilikuwa nyuma ya kibanda cha Maître Kakule, ambaye alilichukua alitengeneze na kwa kukosa kuliweza akafugia sungura ndani. Zile nafasi za ubavuni, alisema, zinapitisha hewa vizuri. Kwa hiyo hatukuwa na kitu cha kuiga ila vinywa vya akina mama na video za wazungu kwenye simu.

Nikaanza na video. Hapa chukueni kalamu, nyinyi wa bouton.

Pedali ya kukwaruza sauti inakaa mwanzo, kabla ya zile za kuzungusha. Katika sanduku la kweli ampli ilikwaruza kwanza, tarumbeta ikazungusha kilichokwisha kukwaruzwa. Mkigeuza mpangilio, kama Kakule alivyonilazimisha, mnapata mbuzi ndani ya pipa. Na mkwaruzo uwe mdogo, usikike tu ukipiga noti mbili kwa pamoja. Baada yake weka pedali ya vibrato, ile inayopinda noti, na baada ya hiyo tremolo, zote kwa kiasi kidogo. Zisiende kwa mwendo mmoja kabisa, kwa sababu tarumbeta na pipa havikuwahi kukubaliana. Ukiwa na ampli mbili, ziweke mbali: moja iangalie watu, nyingine, ya sauti nzito, iangalie ukuta. Punguza ukali kwenye gitaa lenyewe. Na uache plectre, kile kipande cha kukwangulia nyuzi, nyumbani, upige kwa kidole gumba, kwa sababu kinanda hakina kucha.

Nilimpa Katungu haya yote. Alifanya mazoezi mpaka vidole vikawa vigumu. Tulipolinganisha na video, hata mimi, ambaye huangalia mara tatu kama nimefunga mlango nikiwa bado ndani ya nyumba, sikuona tofauti. Jumamosi moja mchana padri akawaita akina mama wa benchi ya mbele wasikilize mazoezi. Mkubwa wao ni Bibi Masika, Koko kwa kila mtu, mjane aliyeimba katika kwaya hiyo tangu kinanda kiko kipya. Alikaa, akaweka fimbo magotini, akafumba macho. Katungu akapiga wimbo mzima.

Koko Masika alifumbua jicho moja.

"Imeisha?"

"Imeisha, koko," Katungu alisema.

"Iyi hapana kinanda yetu. Iyi iko sauti ya tumbo ya mutu alikula maharage mabichi."

Wenzake walicheka mpaka wakapigana mabega. Maître Kakule, ambaye hakuna aliyemwalika, alicheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Padri hakucheka. Alimwangalia Katungu kama mtu anayehesabu viti.

"Koko," nilisema, "ni sauti ile ile. Nimeilinganisha. Wazungu wenyewe..."

"Mutoto wangu, bazungu banaimbaka mu kanisa yetu?"

"Hapana."

"Basi. Ya kwetu haikukuwa inafanya vile, yote sawa sawa toka mwanzo mpaka mwisho. Ya kwetu ilikuwa inaanza na usingizi. Kisha inaamuka. Na siye, sisi bote, pamoja nayo."

"Nani alikuwa anaiamusha? Mupiga kinanda?"

"Ah, ule? Mikono yake yote ilikuwa mu kinanda. Ilikuwa inaamuka yenyewe."

Alisimama, akachukua fimbo yake, na njiani akamgusa Katungu begani. Kidogo tu. Nadhani alimhurumia, na hilo lilikuwa baya kuliko maharage.

Mngekuwa nyinyi, mngesema bibi amezeeka na mambo yameisha. Kakule alisema hivyo hivyo tukiwa bado mlangoni. "Licencié, achana na bakoko. Wekea mutoto tremolo, uifungue yote." Lakini mimi nina ugonjwa wa kufikiri. Mama yangu husema naweza kuchemsha maji kwa kuyahofia tu. Neno lile, usingizi, lilinikaa kichwani. Sanduku la namna ile lina mwendo wa aina mbili, wa polepole na wa haraka, na unaubadili kwa swichi. Kama mpiga kinanda hakugusa swichi, na sanduku likaamka, basi kuna kitu kingine kilichokuwa kinabadilika. Sauti haiamki kwa sababu ya Roho Mtakatifu, hata kanisani.

Nikaenda kwa Kakule, nikawatoa sungura wake, nikaingiza kichwa ndani ya sanduku.

"Eh, Licencié! Unaomba sungura zangu kitambulisho?"

Nilikuwa naiangalia injini. Ilikuwa ya aina ile inayofuata mapigo ya umeme wenyewe: jenereta ikizunguka upesi, nayo inazunguka upesi, jenereta ikizembea, nayo inazembea. Mambo ya mwaka wa pili chuoni, yale tuliyokariri kwa mtihani tukayatupa. Zamani zile parokia haikuwa na umeme wa laini, ilikuwa na jenereta yake nyuma ya sakristia. Nikatoka Bulengera kwa miguu, haraka, na mavi ya sungura kwenye nywele, mpaka shuleni kwa Katungu. Nikamngoja awatoe wanafunzi, tukaenda pamoja parokiani.

Kibanda cha jenereta bado kipo, kitupu. Kati yake na sakristia kuna tundu kwenye ukuta, limezungushiwa ubao, na ubao umelika upande mmoja, laini kama mwiko.

"Hii nini?" nikauliza.

Katungu akacheka. "Kamba ya sakristani! Ya Mbusa, hauijue? Batu bote banaijua. Marehemu mutunza sakristia alikuwa anasikia mafuta inaungua, roho inamuuma. Padri akianza kuhubiri, yeye analegeza kamba, mafuta inapunguka, groupe, ile jenereta, inalala. Wimbo ikianza, anavuta."

"Anavuta kabla ya wimbo, ao ikisha kuanza?"

"Ikisha kuanza. Padri wa ile wakati alikuwa anasema 'na kwa kumaliza', halafu hamalizi. Sakristani akachoka kudanganywa. Akasema, sitavuta mpaka nisikie kinanda na masikio yangu."

Nilikaa chini pale pale kwenye majani. Mnaelewa, au niwachoree? Beti la kwanza lilipigwa jenereta ikiwa imelala. Kinanda chenyewe kilikuwa cha transista, kwa hiyo noti hazikushuka. Kilicholala ni sanduku: tarumbeta ikizunguka kivivu, ampli ikiwa na njaa ya umeme, ikitoa sauti nyororo yenye mkwaruzo. Kisha sakristani anasikia, anavuta kamba, jenereta inanguruma, na sauti inaamka, tarumbeta kwanza kwa kuwa ni nyepesi, pipa baadaye kwa kuwa ni zito. Kila Jumapili, miaka yote ile. Watu wote waliijua kamba, wakaicheka. Watu wote waliikumbuka sauti, wakaililia. Hakuna hata mmoja aliyeviweka viwili hivyo kwenye sahani moja, kwa sababu kwetu kufikiri sana ni ugonjwa, na kucheka ni afya.

Sasa kalamu tena, ingawa najua mmekwisha kuiweka chini.

Pedali ya kukwaruza niliitia betri iliyochoka, ile mnayoitupa. Betri mpya inakwaruza kwa kiburi. Iliyochoka inakwaruza kwa njaa, na njaa ndiyo tuliyoitaka. Kisha nikachukua vifuniko viwili vya bidon, dumu la mafuta, nikavigandisha juu ya vile vitufe viwili vya mwendo, kimoja cha vibrato, kimoja cha tremolo, ili mguu uweze kuvizungusha. Katungu anakaa kwenye kiti, anavua viatu. Anaanza polepole kabisa, mpaka uone aibu. Beti la kwanza likikaribia kuisha, dole gumba la mguu wa kulia linasukuma kifuniko cha vibrato: hiyo ni tarumbeta. Mguu wa kushoto unafuata kwa uvivu: hilo ni pipa. Kidole kidogo cha mkono kinafungua sauti ya gitaa kidogo kidogo: huo ni umeme unaorudi. Msifanye vyote kwa pamoja. Sakristani alikuwa mtu mmoja mwenye kamba moja, lakini vitu alivyoviamsha vilikuwa na uzito tofauti.

Kakule alipoviona vifuniko alisema, "Aksanti Mungu, Licencié amekuwa muuza mafuta ya mawese."

Hatukuwaita akina mama tena kusikiliza mazoezi. Katungu alikataa. "Bakicheka tena," alisema, "sitafika ku sikukuu."

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Mimi nilisimama nyuma ya nguzo na betri ya pili ndani ya ngumi, nikifikiria kila waya unaoweza kukatika. Padri alihubiri. Alipomaliza alikaa, kama desturi yake: wimbo wa baada ya mahubiri huimbwa watu wamekaa, mpaka yeye ainue mikono ndipo wasimame. Katungu akavua viatu. Akaanza.

Polepole. Sauti ilikuwa inajikokota kama mtu anayetafuta ndara zake asubuhi. Vijana wa kwaya walitazamana. Nilimtafuta Koko Masika: alikuwa anafunga vizuri kitenge chake, macho kwenye kitenge. Hakuna kitu. Beti likaenda, likaenda, nami nikawa nasema moyoni, basi, ni maharage tena. Kisha nikaliona dole gumba la Katungu likisukuma.

Sauti ikaamka. Juu kwanza. Halafu chini.

Na benchi ya mbele ikasimama.

Yote, kwa mara moja, hata yule mwenye fimbo, hata yule anayeinuliwa na wajukuu. Hawakuangalia kushoto wala kulia. Padri alikuwa bado amekaa, mikono magotini. Vijana walimwangalia yeye, wakaangalia bibi zao, hawakujua wamfuate nani. Katikati ya kanisa watu wa makamo, waliokuwa watoto wakati wa kinanda, wakaanza kusimama mmoja mmoja na uso wa kushangaa, kama mtu aliyeitwa jina lake na hajui nani amemwita. Padri aliinuka wa mwisho.

Baada ya misa alimkuta Koko Masika mlangoni.

"Mama, nani aliwaambia musimame? Mimi sikuinua mikono."

"Mon père," Koko Masika alisema, "siye tulikuwa tunasimama na ile sauti mbele ya wewe kuzaliwa."

Padri akageuka, akarudi ndani, akaenda mpaka kwa Katungu, aliyekuwa anakunja waya huku miguu yake bado haina viatu.

"Mademoiselle, hii kiti haiko mahali yake."

Katungu aliacha kukunja waya. Niliuona mkono wake ukitafuta mfuko wa gitaa.

"Iko pale," padri alisema, na akaonyesha karibu na altare, mahali ambapo sementi ina alama nne za miguu ya lile sanduku.

Tangu siku hiyo simu hazikukoma, na ndiyo sababu nimestaafu. Kila kwaya inataka "sauti ya Butembo". Wanaweka alama ya rangi kwenye kitufe, wanapiga wimbo wote sawa sawa toka mwanzo mpaka mwisho, katika makanisa ambayo hayakuwahi kuwa na sanduku, wala jenereta, wala kamba. Kakule anauza vifuniko vya bidon. Anasema sauti hiyo aliigundua yeye. Mimi sasa nafunga paneli za jua, ambazo hazina sauti, na wateja hawaniulizi kitu. Kwa hiyo msinipigie. Nendeni mkawaulize wazee wenu walikuwa wanasimama wakati gani, kisha mfikiri mpaka iwaume.

Jumapili iliyofuata ile sikukuu nilikwenda kanisani nikakaa kama mtu wa kawaida. Katungu alikuwa kwenye kiti chake, pedali zimepangwa juu ya zile alama nne. Hakuna aliyempigia makofi. Wakati wa komunyo Koko Masika alipita mbele yake, akasimama, akamgusa mguu kwa ncha ya fimbo.

"Vuta miguu," alimwambia. "Unaziba njia."